Simba Yangu Kutoka Angani

Jumatatu, 4 Agosti
Wiki ya sita ya ndoa! Dolphine bado anatabasamu usingizini. Nilimtazama mpaka uji ukafurika jikoni. Sijuti.

Ila kuna ile picha ukutani. Picha ya harusi yetu, kubwa kama mlango, iliyopigwa na Wesley kwa drone yake. Wesley mwenye studio Homa Bay. Wesley aliyemfuatafuata Dolphine tangu kidato cha tatu! Aliileta mwenyewe, akapiga misumari mitatu kwenye ukuta wangu. Dolphine huipangusa vumbi kila asubuhi. Kila asubuhi!

Jumapili ni siku yake ya kuzaliwa. Nitampa kitu kitakachoizima hiyo drone. Najua anachokikumbuka: simba yangu. Kila kijana wa Kijaluo huwa na yake, kile kibanda cha ujana karibu na lango la baba, anachojenga kabla ya kuoa. Yangu ilikuwa hapa Karungu, ziwa likiwa jirani kabisa. Mabati mapya, mlango wa mbao za boti iliyochakaa. Mvua ikinyesha hamsikilizani, kwa hiyo tulikuwa tunatazamana tu. Humo ndimo Dolphine alimokunywa chai yangu ya kwanza. Iliungua. Aliimaliza yote! Kisha ziwa likapanda, likachukua simba, lango na migomba ya Mama. Hatuna hata picha moja.

Leo redioni wametangaza: kuna ofisi Homa Bay inayolichunguza ziwa kwa setilaiti. Wana picha za ufuo mzima za miaka ya nyuma, kabla maji hayajapanda. Drone ya Wesley hupaa kama kunguru. Mimi nitapita mawingu!

Jumanne, 5 Agosti
Nimepiga simu. Amepokea Madam Celestine, mgeni, kahamishwa juzi kutoka Voi. Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Nikamwomba picha ya simba yangu ya Karungu.

Akauliza kama nina hakika ni simba. Nikamwambia madam, nimeishi nayo miaka minne. Akauliza simba wangu yuko wapi sasa. (Mimi nasema yangu, yeye anasema wangu. Lafudhi za Voi hizo.) Nikamjibu kwamba ilienda na maji. Akauliza kama amewahi kumdhuru mtu. Swali la ajabu! Nikasema hapana, ila mchumba wangu aliingia ndani siku moja na hakutaka tena kutoka.

Akaniambia nisitoke nyumbani, atatuma watu. Huduma gani hii! Nchi imebadilika.

Alhamisi, 7 Agosti
Bahati nzuri Dolphine alikuwa ameenda Rodi Kopany kumwona shangazi yake.

Walikuja askari wa wanyamapori. Landrova, wavu, na bunduki ya sindano za usingizi. Kiongozi wao, Afande Matiko, Mkuria wa Isebania, hakuketi wala hakuonja kuku niliyewachinjia watu wa setilaiti. Aliuliza simba nilimtoa wapi. Nikasema nilijenga mwenyewe. Akaandika. Akauliza alikuwa na ukubwa gani. Nikasema kitanda, meza na jiko. Akaacha kuandika. Akauliza nilikuwa namlisha nini. Hapo na mimi nikaanza kushuku mambo.

Aliyeniokoa ni Mama. Alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Afande, hiyo ni nyumba! Huyu hata paka hajawahi kufuga!"

Matiko alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akala kuku wote.

Kufikia jioni ufuo mzima ulikuwa umejua. Watoto wananiita Sibuor, ambaye kwetu ndiye simba mwenye meno. Wesley naye kapiga simu, akaniuliza kama huyo mnyama wangu anahitaji picha ya pasipoti. Nikamkatia!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeenda Homa Bay mwenyewe. Madam Celestine alikuwa amejificha nyuma ya kompyuta kwa aibu. Akaniomba radhi. Akasema kwao Voi mtu akisema simba, watu hufunga milango.

Tukaanza kutafuta. Picha ya setilaiti ni vimraba vitupu! Kimraba kimoja ni mita kumi kwa kumi. Akauliza simba yangu ilikuwa ya ukubwa gani. Nikamwambia mita tatu kwa tatu. Akanitazama kwa huruma. Haitoshi kujaza hata kimraba kimoja.

Nilikuwa nimeshainuka. Akaniita. Ngoja kwanza, paa lilikuwa la nini? Mabati, nikasema, mapya kabisa. Akakuza ufuo wa Karungu. Kijani cha migomba ya Mama, buluu ya ziwa, na katikati kimraba kimoja cheupe. Mabati yangu! Yaling'aa mpaka yakapaka rangi kimraba kizima.

Kisha akanionyesha picha ya mwezi huu. Pale pale. Buluu tupu. Nikamwomba arudishe ile ya kwanza.

Tulikuwa humo, mimi na Dolphine, tukipuliza chai, na kitu kikapita juu kikatuona. Nililia. Madam akanipa tishu, akanichapishia.

Jumamosi, 9 Agosti
Sabato. Sikupanga njama yoyote mpaka jua lilipozama.

Jumapili, 10 Agosti
Nilianza kwa kung'oa picha ya Wesley. Misumari ilitoka pamoja na kipande cha ukuta. Mbuzi wa Mama akachungulia ndani kupitia tundu.

Dolphine aliishika zawadi yangu, akaisogeza dirishani. Nikakohoa, nikajiandaa kumweleza habari za vimraba. Sikuwahi. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kile cheupe. "Hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Hapa ndipo uliponiunguzia chai."

Oh, Dolphine!

Akacheka akifuta macho. Kumbe habari za Sibuor alizipata Alhamisi ile ile, sokoni Rodi Kopany, na akanyamaza asiniharibie. Akasema hakuna mwanamume mwingine ambaye angeletewa wavu na bunduki kwa ajili yake. Picha ya Wesley imefunika tundu la mbuzi. Yangu iko kando ya mto wake wa kulalia. Akaguna kwamba angetoa chochote anywe chai humo mara moja tu.

Mara moja tu!

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeshuka ufuoni alfajiri. Maji yamerudi nyuma kidogo, na kipande cha kiwanja chetu kimetokeza, kibichi bado. Nimeagiza mabati, yanafika Jumatano. Nitaijenga upya pale pale, mita kumi kwa kumi, ijaze kimraba kizima! Mama amesema mwanamume aliyeoa hajengi simba, na kwamba ziwa litarudi kuchukua hii pia. Nimemshukuru kwa maoni yake.

Setilaiti hupita kila baada ya siku chache, kwa hiyo nimemwandikia Madam Celestine mapema asije akaikosa. Likizo yake imeanza leo, lakini meseji nimeituma kwa namba ya ofisi, aisome yeyote atakayekuwa zamu. Safari hii nimetumia Kiswahili chao cha Voi, pasiwe na makosa: "Simba mpya anafika Karungu Jumatano. Huyu ni mkubwa kuliko yule wa kwanza. Mke wangu ataingia ndani."