Neema, Joash na Kombe Lililotupita

Jumamosi, 16 Novemba

Timu ya taifa haijafuzu Kombe la Afrika. Jana sare, na sare haikutosha. Nchi ya watu zaidi ya milioni hamsini, na bao la pili limetushinda! Nimemwandikia mhariri barua ya kurasa nne, nikiwachana wakubwa wa mpira mmoja mmoja. Barua yangu iliyopita walichapisha mistari miwili, tena ile ya salamu.

Hilo ni la taifa. La kwangu ni baya zaidi.

Mwezi wa tisa niliwekeana dau na jirani yangu Joash, fundi mstaafu wa reli. Yeye alisema hatufuzu. Mimi nilisema tunafuzu, na anayebisha hajasoma historia. Aliweka saa ya ukutani ya marehemu babake, ile kubwa ya stesheni yenye uso mweupe. Nimeitamani saa hiyo miaka kumi na moja. Mimi niliweka Neema, ng'ombe wetu wa maziwa.

Tatizo dogo. Neema ni wa mke wangu. Wangare alimlea tangu akiwa ndama, kwa chupa, na sasa anakamuliwa kidogo tu kwa sababu amekaribia kuzaa tena. Wangare hajui lolote kuhusu dau.

Makabidhiano ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kwenye kituo cha maziwa. Mtaa wetu wote wa Kiamunyi utakuwa pale na mitungi yao.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya ibada Joash alitusimamisha langoni mwa kanisa. Akauliza Neema anakula nini siku hizi, asije akambadilishia chakula ghafla. Alinitazama mimi. Wangare akauliza chakula cha ng'ombe wetu kinamhusu nini. Nikasema mzee ana upweke.

Mchana nikaenda kwa Kipkemoi, mzee wa Nyumba Kumi, msimamizi wa majirani, anayetunza mkataba wetu wa dau ndani ya bati la biskuti. Niliomba kuusoma. Nilikuwa natafuta mwanya.

Hakuna. Nambari za vitambulisho zipo. Sahihi zipo, na vidole gumba juu ya sahihi. Mashahidi wawili. "Ng'ombe aitwaye Neema, pamoja na mimba iliyomo, kamba na ndoo yake, atakabidhiwa bila kisingizio cha hali ya hewa, msiba, ugonjwa wa mwenyewe wala rufaa ya aina yoyote." Aliyeandika karatasi hii ni mtu hatari.

Niliiandika mimi. Nilitaka Joash asiponyoke.

Jumatatu, 18 Novemba

Mpango wa kwanza: kumhamishia Neema kwa binamu yangu Muturi, kule mlimani Sachangwan. Nikamwambia Wangare kuwa nyasi za huko ni tamu. Akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayempakia ng'ombe mwenye mimba ya miezi tisa kwenye lori, apande ule mlima.

Nikampigia Muturi hata hivyo. Akanikumbusha kwamba yeye ni shahidi wa pili. Akasema atakuja Jumamosi na kofia mpya. Damu yangu mwenyewe.

Jumanne, 19 Novemba

Nimepata! Karatasi imekataza ugonjwa wa mwenyewe. Haijasema chochote kuhusu ugonjwa wa ng'ombe. Na ng'ombe mwenye ugonjwa wa miguu na midomo hasogezwi hata hatua moja. Sheria ya nchi inasema hivyo. Mkataba wa Kipkemoi utashindana na sheria ya nchi?

Wangare alipokwenda kwa fundi wa cherehani, nilichukua sabuni ya kipande, ile yenye harufu ya ndimu, nikamsugua Neema midomo mpaka povu likadondoka. Hakukataa. Alilamba, kisha akala mfuko wa shati langu.

Nikamwita Joash kwenye ua. Nikamwonyesha kwa mbali, nikamnong'oneza jina la ugonjwa, nikamwomba asimwambie mtu. Uso ulimbadilika. Ana ng'ombe wawili. Akaniambia pole sana, Mwalimu, kwa sauti ya kweli kabisa, akaingia ndani.

Nimeshinda. Nimekunywa chai vikombe vitatu.

Jumatano, 20 Novemba

Joash hakumwambia mtu. Aliwaambia watu mia na arobaini, kwenye kundi la simu la wafugaji. Halafu akampigia Joyline, daktari wa mifugo.

Amri ya Joyline: mpaka afike kesho, ng'ombe yeyote wa barabara yetu asitoke, na maziwa yasichukuliwe. Asubuhi gari la maziwa lilipita bila hata kupunguza mwendo. Wanawake walisimama pale na mitungi imejaa, wakatazama vumbi lake. Awuor wa nyumba ya kona alimwaga yake kwenye mtaro palepale.

Saa sita wanawake hao walikuwa langoni kwetu. Hawakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu zaidi. Waliuliza tu ilianza lini, na kama nilipita karibu na zizi lao. Nikajibu kwa hotuba fupi juu ya historia ya chanjo katika Bonde la Ufa. Awuor akaniambia, "Mwalimu, sisi hatujakuja darasani."

Wangare amekaa zizini siku nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika sikio la Neema. Nilimpelekea uji. Akaniuliza kama wakimchinja wataokoa ndama. Nikaona analia.

Nilitaka kumwambia. Ulimi ulifika kwenye meno. Kisha nikafikiri, kesho daktari atasema ng'ombe ni mzima, Wangare atafurahi, na furaha hiyo itakuwa imetoka kwangu kwa namna fulani. Nikarudi ndani kusoma gazeti.

Alhamisi, 21 Novemba

Joyline alifika saa tatu na mabuti yake meupe. Barabara nzima ilijipanga kwenye ua. Akapima joto, akainua kwato zote nne, akafungua mdomo wa Neema, akatazama ulimi, akanusa. Akanusa tena. Akanigeukia.

"Mzee, hii ng'ombe mmeipiga mswaki?"

Wangare alitazama jiwe la kufulia, akaona sabuni yenye alama za ulimi. Kisha akanitazama mimi.

Nilianza kueleza. Joash akasema haina haja, karatasi ipo. Kipkemoi akaileta na bati lake, akaisoma kwa sauti, kuanzia kichwa hadi vidole gumba. Ni lazima niseme ukweli: iliandikwa vizuri. Koma zote mahali pake.

Joyline akaondoa amri, akasema kuna watu wanastahili sindano kuliko mifugo. Jioni nzima Wangare ameongea na Neema tu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekesha na hoja moja kichwani, na ni hoja kubwa. Mtu hawezi kuweka dau kitu kisicho chake. Neema ni wa Wangare. Kwa hiyo mkataba ni batili tangu siku ya kwanza! Nikamweleza Wangare wakati wa chai, kwa vipengele.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Sahihi ni yako, Baba Waithera. Na boma inaitwa kwa jina lako. Posa ya binti yetu Waithera inakuja mwezi wa nne. Hao watu wakiuliza babake ni mtu wa aina gani, hii barabara ijibu nini?"

Nikasema watajibu kwamba ni mtu mwenye hoja. Akasema kesho atampeleka ng'ombe mwenyewe.

Jumamosi, 23 Novemba

Saa nne kamili. Watu wengi kuliko mazishi ya diwani. Muturi na kofia yake. Wangare alikuja na Neema kwa kamba, amemsugua mpaka anang'aa. Ndoo mkononi, kama mkataba unavyosema. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

Akamnyooshea Joash kamba. Joash hakuipokea.

Alisema hana shida ya ng'ombe, ana wawili na wanamtosha kumsumbua. Akasema tumekaa majirani miaka kumi na moja, tumebishana juu ya mpira, mvua, uchaguzi na njia ya kupanda viazi, na sijawahi kukubali kwamba yeye yuko sawa, hata siku moja. Hata siku paa langu lilipong'oka baada ya yeye kuniambia misumari haitoshi.

"Sema tu, Joash, ulisema ukweli. Halafu mama arudi na ng'ombe wake."

Maneno matatu. Nikasafisha koo. Nikaanza kwa kueleza kwamba utabiri wa Joash, ingawa ulilingana na matokeo, haukutokana na uchambuzi bali na kukata tamaa, na kwamba ukitazama mfumo wa ligi zetu tangu uhuru...

Dereva wa gari la maziwa akapiga honi. Kipkemoi akaangalia saa. Nikaongeza sauti. Nilikuwa nimefika miaka ya themanini nilipoona Wangare amegeuka, anaelekea lango la Joash. Neema anamfuata polepole, tumbo likiyumba. Akaingia. Hakutazama nyuma. Namaanisha Wangare; ng'ombe alitazama.

Zizi langu lilionekana kutoka pale, mlango wazi. Sijui kilichonipata.

"Joash, ulisema ukweli."

Joash akasema hajasikia. Nikarudia. Akaomba nirudie kwa ajili ya Awuor, aliyekuwa nyuma na mtungi. Nikarudia. Sasa nina kidonda cha koo, na nina hakika ni maneno hayo.

Jumamosi, 30 Novemba

Neema amezaa! Dume, jeusi, lenye doa jeupe kwenye paji. Wangare ameanza kuongea nami tena. Jana alisema ndama huyu ni wangu, kitu changu mwenyewe cha kwanza katika zizi hilo, ili nijue uchungu wa kuwa na kitu. Nimemwita Mhariri. Ananyonya kidole changu. Sijawahi kupenda mnyama hivi.

Leo Joash alikuja kumwona. Mazungumzo yakafika kwenye Kombe la 2027, ambalo sisi ni miongoni mwa wenyeji. Nikamweleza, kwa upole, kwamba wenyeji hawahitaji kufuzu, hivyo lile tatizo la mwaka huu limeondolewa kabisa, na kwamba kwa hesabu zangu fainali tutacheza sisi. Akacheka. Akauliza kama nina hakika kiasi gani. Akataja ile saa ya stesheni, nami nikamtaja Mhariri.

Kipkemoi ametia karatasi ndani ya bati saa kumi na moja jioni. Nimeiandika mwenyewe. Safari hii nimetaja pia sabuni. Joash haponyoki.