Kura ya Kakakuona

Tadei alikuwa mtaani Mfaranyaki, mjini Songea, akinywa chai aliyonunuliwa na mtu mwingine, alipomsikia Fidelisi akisimulia kwamba kakakuona ametokea shambani kwake, kijijini huko njia ya Peramiho. Wenzake wakasema, "Neema hiyo!" Tadei naye akasema, "Neema hiyo," lakini moyoni alikwisha anza kuuza msitu.

Msitu wenyewe ni wa kijiji cha Fidelisi. Maji yote wanayokunywa hutoka kwenye chemchemi zake. Joachim, mfanyabiashara wa mbao, alikuwa amemwahidi Tadei pikipiki endapo angewalainisha wanakijiji wauze miti.

Utaratibu tunaujua. Kakakuona akitokea anawekewa mahindi, maji na mkuki, naye huonyesha mwaka utakuwa wa shibe, wa mvua au wa vita. Siku hizi haonekani ovyo. Walanguzi wa magamba wanammaliza, na makao yake yanageuzwa mbao. Mimi nina simu inayotabiri mvua, lakini siku hiyo nilifunga duka nikaenda kumsikiliza mnyama. Msomi wenu huyo.

Tadei alifika shambani kwa Fidelisi amevaa koti, kabeba msumeno. Akaulaza kando ya mahindi.

"Shikamoo, Bibi Kunegunda."

"Marahaba, mwanangu. Msumeno wa nini?" aliuliza bibi huyo, mwenyekiti wa kamati ya msitu.

"Na hilo tumuulize. Akiuendea, basi mababu wameruhusu tuuze miti. Mnyama huyu hajawahi kukosea!"

"Kweli, hajawahi. Kwa hiyo atakachochagua ndicho tutakachofuata?"

"Mbele ya mashahidi wote!"

Mpini wa msumeno alikuwa ameupaka mchwa waliopondwa. Ujanja wa hali ya juu, ila mchwa wazima waliobaki aliwatia mfukoni mwa suruali, na mchwa hawana adabu ya kukaa mfukoni. Walikwisha teremka mpaka kwenye soksi.

Kakakuona akajikunjua. Akayapita mahindi, akayapita maji. Akaunusa msumeno, Tadei akatabasamu. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye mguu wa Tadei na kuingiza ulimi ndani ya suruali.

"Mtoeni! Amekosea!"

"Hajawahi kukosea, umesema mwenyewe," alisema Bibi Kunegunda. "Amekuchagua wewe uwe mlinzi wa msitu wake. Posho hakuna, ugali upo."

Vigelegele! Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, kwa furaha kwamba safari hii mjinga hakuwa mimi. Tadei hakuwa na pa kukimbilia. Anayemkataa kakakuona hakaribishwi chai Songea nzima, na yeye hana riziki nyingine.

Tulimsindikiza mnyama hadi msituni. Njiani Tadei alimnong'oneza Bibi, "Nikuambie ukweli, bibi? Ni mchwa tu wale."

"Tunajua. Ulidhani anakula wali? Lakini mlinzi wa bure tungempata wapi?"

Simu ya Tadei ikaita. Alikuwa Joachim. "Vipi, nilete mafundi?"

Tadei aliwatazama wanakijiji, wote wanamsikiliza yeye.

"Usilete, bosi," alisema kwa huzuni ya kweli. "Nikikukuta humu, itabidi nikukamate."