Baiskeli Chini ya Majani

2 Juni, Jumatatu
Madam Tabitha, mwenye duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Njoro, ametangaza Wiki ya Baiskeli. Anasema vitambi vyetu vinamtia aibu mbele ya wateja. Atakayekuja kazini na kurudi kwa baiskeli wiki nzima ndiye atakayekuwa msimamizi wa stoo. Cheo changu hicho! Nimekisubiri tangu mzee wa stoo astaafu. Mpinzani ni mmoja tu, Ndelilio wa kaunta. Wote tunakaa Uru, huko juu mlimani. Yeye ana miguu ya mbuzi. Mimi nina akili.

3 Juni, Jumanne
Kushuka ni raha tupu. Sikukanyaga pedali hata mara moja. Breki zilinuka mpira ulioungua, ila nilifika wa kwanza na Madam akanipongeza. Ndelilio akasema tutaonana jioni, wakati wa kupanda.

Jioni nilifika kona ya kwanza nikaanza kuona nyota, na jua bado linawaka. Mungu si Athumani, akatokea Fredy na pikapu yake. Kila jioni hupandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare, anawagawia watu majumbani. Nikamwomba anifunike humo pamoja na baiskeli, anishushe karibu na kwangu. Akakubali, huku akicheka kuliko ilivyostahili.

4 Juni, Jumatano
Mambo safi. Nikiwa chini ya majani nilimsikia Ndelilio akihema barabarani. Nilimhurumia kidogo, kisha nikaacha.

5 Juni, Alhamisi
Balaa. Nilipitiwa na usingizi, Fredy akanisahau. Niliamshwa na ulimi wa ng'ombe usoni. Nimemwagwa bandani pamoja na majani, na bibi mmoja amesimama juu yangu na mundu.

Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado chali. Akaitikia, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema naitwa Wenseslaus, nafanya kazi kwa Madam Tabitha. Uso wake ukachanua. Kumbe Tabitha ni bintiye! Akanipa mtori wa ndizi, nikamaliza mabakuli mawili kwa hofu. Nikamsihi asimwambie mtu. Akasema haiwezekani, lazima bintiye ajue ana kijana mwenye adabu, aliyekuja na majani kumsalimia mama yake. Simu ilikuwa tayari sikioni.

6 Juni, Ijumaa
Ndelilio ndiye msimamizi wa stoo. Imeniuma sana. Madam alicheka mpaka machozi, kisha akaacha kucheka. Adhabu yangu: kesho nimpelekee mama yake gunia la pumba kwa baiskeli. Bibi atakuwa getini kushuhudia nikiingia.

Nimetafakari kosa langu kwa moyo wote. Mtu mzima lazima ajifunze. Kosa halikuwa Fredy, wala majani. Kosa lilikuwa usingizi. Fredy nimeshaongea naye, atanishusha kabla ya geti. Kesho nakunywa kahawa chungu kwanza, vikombe vitatu.