Barakoa za Meya Zinazoletwa Kufuliwa Zikiwa Safi

Kwa Mheshimiwa Meya,
Ofisi ya Meya, ghorofa ya pili.

Mheshimiwa,

KUHUSU: KULETEWA VITU SAFI NIVIFUE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote. Mimi ni dobi wako, mwaka wa sita sasa, yule mwenye chumba cha bati nyuma ya kituo cha mafuta, ambaye dereva wako humletea mfuko wa nguo kila Jumatatu. Hatujawahi kuonana, lakini nakufahamu. Kola zako ndizo zilizoniambia ulivyohangaika wakati wa uchaguzi, na mikono ya mashati hunieleza ulichokula. Yote hayo nimeyafua nikanyamaza. Leo nimeshindwa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ugonjwa ulipoingia mjini, ulisema redioni kwamba barakoa ni za watu waoga. Wiki tatu baadaye ukaamuru kila mtu avae, ukaongeza kwamba hivyo ndivyo ulivyosema tangu mwanzo. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye kifua humbana hata akipanda ngazi tatu, aliniuliza, "Mkwe wangu, huyu ni yule yule au wamembadilisha?" Nilikutetea. Nilimwambia redio yetu ina mikwaruzo.

2. Tangu amri hiyo naletewa barakoa zako kumi na nne kila wiki, zimeshonwa kwa vitambaa vinavyolingana na suti. Mheshimiwa, barakoa iliyovaliwa haijifichi. Kamba hulegea, penye pua huwa na mkunjo, na ndani huwa na unyevu na harufu ya chai. Zako zinarudi na mikunjo ya pasi yangu mwenyewe. Moja tu ilikuwa na doa, na dereva alisema ni poda uliyopakwa siku ya kupigwa ile picha kubwa iliyotundikwa njia panda, yenye maneno "Mimi Navaa". Nilizifua zote hivyo hivyo, kwa heshima, lakini niliona haya mbele ya sabuni.

3. Mama mkwe alikataa katakata kuvaa. "Wewe ndiye unayemfulia," akaniambia. "Niambie kweli. Anavaa?" Mke wangu akanikazia macho kutoka jikoni. Nikasema, "Anavaa, mama. Ya jana ilinuka hadi nikafungua dirisha." Akaridhika, akavaa. Kesho yake akataka kuiona. Ikabidi nichukue ile ya bluu, niivae siku mbili nikipiga pasi, nikohoe ndani yake, niidondoshee uji, kisha nimwonyeshe. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Maskini, kumbe mwenzetu anahangaika." Akawaita majirani nao waje waone. Nyumba kumi na moja za mtaa wetu zikaanza kuvaa barakoa kwa sababu ya mate yangu, Mheshimiwa. Mimi ni dobi. Kazi yangu ni kutoa uchafu, na sasa nautengeneza.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi ulifungua soko jipya, nasi tulikuwa mbele ya televisheni. Ulikumbatia watu, ukachukua tarumbeta ya mwanabendi, ukaipuliza, ukamrudishia. Uso wako wote ulikuwa wazi. Mama mkwe aliitazama televisheni, halafu akanitazama mimi. Alivua barakoa yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza yangu ya pasi. "Ifue," akasema, "halafu mpelekee Meya, labda yeye ataona pa kuiweka." Tangu hapo anakwenda bombani uso mtupu, na majirani wanamfuata. Leo asubuhi amekohoa mara nne. Anasema ni vumbi. Nami siwezi kumwambia kitu, maana nyumbani neno langu halisikilizwi tena.

Kwa hiyo naomba mojawapo ya haya. Ama uende redioni useme: sikuwa navaa, nilikosea, lakini ninyi vaeni. Ama uvae kweli, walau Jumatatu hadi Jumatano, nitajua. Kama yote mawili ni mazito, basi niandikiwe barua rasmi ya kuteuliwa kuwa Mvaaji wa Barakoa za Meya, nipewe kiti na mhuri, ili ninapokohoa kwa niaba yako nikohoe kihalali. Mji una msemaji wa Meya. Sioni kwa nini usiwe na mpumuaji wake.

Sikutaka kiongozi asiyekosea, Mheshimiwa. Nilitaka uchafu wako unifikie kama ulivyo.

Nisalimie Mama Meya, makatibu wote, na walinzi wa getini. Salamu za pekee kwa dereva, ambaye huvaa barakoa hata akiwa peke yake garini, na zake zinanuka kweli kweli.

Ni mimi, mtunza kola zako,

Dobi.

Tanbihi: Yote niliyoomba hapo juu, yaache. Nilipokuwa natafuta bahasha, mama mkwe alishika ndoo atoke tena uso mtupu, na mimi bila kupanga nikamwambia kwamba umelazwa hospitali, hali yako ni mbaya, na maneno yako ya mwisho kabla ya kuwekewa mashine ya kupumua yalikuwa, "Laiti ningevaa." Alikaa chini akalia, kisha akaivaa barakoa yake mwenyewe bila kuambiwa. Saa hii mtaa mzima umevaa, na wanakuombea. Kwa hiyo nakusihi usionekane popote kwa wiki tatu, wala usiongee redioni. Siku ya kutoka, tembea polepole, umeegemea mtu.