Pambo la Misuko ya Maral

Sahatmurat wa mjini Mary hakuwahi kufanya kazi, na alilisema hilo kwa majivuno kama mtu anayetaja cheo chake. Mtaji wake ulikuwa pambo moja la fedha halisi, asiki la marehemu bibi yake, lenye umbo la moyo na kijiwe chekundu cha akiki, lile ambalo mke hulining'iniza mgongoni kwenye misuko. Wateja walionjeshwa hilo, kisha wakauziwa mkoba mzima wa mapambo ya bati.

Aliposikia Ogulsapar, mama mmoja bahili, anamwoza kijana wake na anasaka mapambo ya bibi arusi kwa bei ya kutupa, alifurahi mno. Bahili hatongozwi, huja mwenyewe.

Alimkuta uani akinywa chai na majirani wanne.

"Mama, haya yamevaliwa na wake wa wakuu!"

Ogulsapar akashika bangili, ikamponyoka, ikaanguka kwenye sinia. Ta! Akalishika asiki, nalo likamponyoka. Hilo likalia kwa muda mrefu, sauti tamu. Sahatmurat hakusikia tofauti, maana alikuwa akijisikiliza mwenyewe.

"Macho yangu yamechoka, mwanangu. Hebu mvike binti yangu hili la moyo, nione linavyokaa."

Maral akampa mgongo, mpole kabisa. Mjanja wetu akalifunga kwenye misuko kwa mkono wake, huku akilisifu. Majirani wakaacha kutafuna mkate.

"Hongera, bwana arusi!" akasema mmoja.

"Bwana arusi gani?"

"Mwari havai asiki. Huvikwa na upande wa mume, siku anayoolewa. Umemvika mbele ya mashahidi watano, na hata mshenga hukutuma. Una haraka, baba!"

"Mimi nauza tu!"

"Unauza huku unavika mabinti wa watu?" Ogulsapar akapaza sauti. "Dovran! Kakajan! Njooni mumwone shemeji yenu. Muulizeni mahari analeta ngamia wangapi."

Kaka wawili wakatoka bandani wakijifuta mikono, mikono mipana kama sepetu. Sahatmurat akarudi nyuma hatua mbili.

Maral akamkagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Mama, huyu simtaki hata bure. Ila pambo nimelipenda."

"Basi libaki, liwe fidia ya aibu. Au tuite mullah awafungishe ndoa, mwanangu?"

"Libaki, mama! Libaki!"

"Na bati lako usilisahau."

Akatoka mbio, mkoba ukilia mgongoni kama vijiko vya jikoni. Nyuma yake Maral alikuwa akicheza uani, na kwa mara ya kwanza maishani Sahatmurat akasikia jinsi fedha ya bibi yake inavyolia.