Maombi ya Gari la Dizeli

Elvis Walubengo alipowaona akina mama wawili wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, wakinyoosha shingo kulitazama gari lake pale kituo cha matatu cha Kawangware 46, Nairobi, moyo ulimruka. Walokole! Watu wanaoamini hata wasichokiona.

Gari lilikuwa kubwa, jeusi, la dizeli, tairi zimepakwa mafuta ya kupikia mpaka zinang'aa kama maandazi. Lilikuwa likinguruma tangu asubuhi. Likizimwa likapoa, haliwaki tena mpaka nusu ya mtaa ije kulisukuma. Elvis aliamini injini imekufa, imebaki kuzikwa tu. Kwa fundi hakuwahi kulipeleka, maana hakutaka habari mbaya. Na alilinunua kwa kuuza friji ya mkewe, Annet. Annet alishasema: bila friji jioni hii, usikanyage hapa.

"Karibu mum! Hii ni dizeli. Petroli ni ya vijana. Dizeli inazeeka na wewe, inakuzika, halafu inabeba watu wa matanga."

"Na mbona huizimi?" aliuliza Kaluki, mama mnene wa mtaa wa Ayany mwenye sauti ya kwaya.

"Dizeli haizimwi ovyo. Lazima iheme kwanza."

Mwenzake, Syombua, alikuwa ameinama nyuma ya gari, leso nyeupe mbele ya ekzosi.

"Huyo anafanya nini?" Elvis akauliza.

"Anabariki. Zima tuombe. Sisi hatununui hata sufuria bila maombi."

"Si tuombe ikinguruma? Mungu anasikia."

"Mungu anasikia. Mimi ndio sisikii."

Elvis akazima. Maombi ni dakika mbili, alijiambia, maskini ya Mungu. Walianza kwa kushukuru taa za mbele, moja moja. Wakaja vioo. Wakaombea viti, na watakaovikalia, na wajukuu wa watakaovikalia. Elvis akaona awafungie maombi: "Amina!" akapaza. "Aminaaa!" wakaitikia, wakadhani ameguswa, wakaongeza moto. Kila alipowakata, wimbo mpya. Boneti ikapoa kama ugali wa jana.

"Haya, washa."

Kikoo, kikoo, kikoo. Kimya.

"Ala! Sasa hii ni chuma chakavu," akasema Kaluki. "Tutanunua kwa bei ya chuma."

"Lakini mum..."

"Ama ubaki nayo."

Elvis akaufikiria mlango wa Annet, akakubali bei ya friji, tena friji kuukuu. Alisaidia hata kulisukuma.

Kesho yake, kibaridi cha asubuhi kikiuma masikio, gari lilisimama mbele yake. Kaluki alikuwa kwenye usukani.

"Niaje Elvis. Imelala nje usiku wote, na imewaka mara moja. Zilikuwa hita plagi tu zimekufa, vile vijiti vya kupasha injini moto; tumeweka mpya. Syombua anauza spea za magari kule Gatina. Leso yake haikushika oili hata tone, akajua ndani ni nzima."

"Kumbe nyinyi si watu wa kanisa!"

"Sisi ni wa kanisa kabisa. Kwani hukusikia? Tuliomba usije ukaona fundi."

Elvis akalipiga tairi teke.

"Sasa nitafutie mteja," Kaluki akaendelea. "Wewe una mdomo. Mwambie injini haijawahi kusumbua."

Elvis akafungua huo mdomo amtukane, vizuri, kwa Kiluhya na Kiswahili. Kilichotoka ni:

"Na kamisheni yangu, utanitoa na ngapi, mum?"