Vyoo Vitatu kwa Mkazi Mmoja

Pascalia Mideva,
Iguhu.

Kwa Daktari Kiplagat,
Mratibu wa Huduma kwa Jamii, Chuoni.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: OMBI LA KUPUMZISHWA KUSAIDIWA

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mjane wa miaka sitini na minne, nina ng'ombe, chai kidogo na afya njema. Kwa miaka mitatu wanafunzi wako wamekuwa wakitimizia kwangu zile saa zao arobaini za kuhudumia jamii, maana boma langu liko kando ya lami na basi la chuo halipendi matope. Nashukuru. Ila sasa nimehudumiwa hadi nimechoka.

1. Kundi la kwanza lilinichimbia choo. La pili halikuambiwa habari za la kwanza, likachimba kingine. La tatu nililionyesha vyote viwili kwa kidole. Kiongozi wao akasema, "Mama, mpango ulishapitishwa." Sasa nina vyoo vitatu, na ninaishi peke yangu.

2. Nilifundishwa kunawa mikono. Wanafunzi thelathini na wawili walinionyesha kwa zamu, kwa maji niliyoteka mwenyewe kisimani. Daktari, nimekuwa mkunga hapa kwa miaka ishirini na sita. Hakuna aliyeuliza.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mwezi wa nne wakwe walikuja kutoka Likuyani kumposa binti yangu Phoebe. Asubuhi hiyo hiyo wanafunzi wako walikuwa wametundika kitambaa kirefu langoni: TUWAINUE WASIOJIWEZA. Mzee Shitanda, baba mdogo wa kijana, alikisoma mara mbili, akauliza, "Ni hapa, ama tumepotea?" Niliwakaribisha. Nilikuwa nimechinja kuku wawili, ingokho wenyewe. Wanafunzi wakapanga foleni na wakwe, wakamaliza mapaja. Mzee aliaga kwa upole, akisema watarudi tukishainuliwa. Phoebe hakula siku mbili, kisha akarudi kazini kwake mjini.

4. Nimewapikia vijana wako ugali, obusuma wa kushiba, nimewafunga malengelenge ya jembe, na mmoja nilimtuliza alipokimbizwa na bata mzinga. Nani hapa amemhudumia nani?

Kwa hiyo naomba unitunuku shahada. Kama haiwezekani, basi kina mama wa kanisa letu nao wana moyo wa kusaidia. Tutakuja nyumbani kwako Jumamosi, watu arobaini, bila taarifa. Tutakuchimbia choo mbele ya sebule, tutawaogesha watoto wako, na tutampiga picha mkeo akiwa ameshika sufuria tupu, kama nilivyopigwa mimi. Asitabasamu, tafadhali, picha ya namna hiyo haitaki meno. Kisha tutakupa fomu utie sahihi kwamba umeinuka.

Wasalimie walimu wenzako, watoto, na yule dereva wa basi, ambaye peke yake hubisha hodi.

Ni mimi, niliyesaidiwa kupita kiasi,
Pascalia Mideva.

Baada ya sahihi: Yuko mwanafunzi wako mmoja, Ashley. Siku hizi huja peke yake, bila fomu wala kamera. Jumamosi iliyopita tulichambua mboga za mrenda mpaka jua likashuka. Nilipomuuliza amekuja kunihudumia nini, alisema mama yake alifariki Januari, na kule hosteli hakuna anayemuuliza kama amekula. Huyo usimpumzishe. Mwambie chumba cha Phoebe kiko wazi na blanketi nimeianika. Na asipofika Jumamosi hii, Daktari, nitakuandikia barua kali kuliko hii.